Umiliki wa Jamii na Daftari Lisilofutika

Programu ya kompyuta huwa mali ya jamii pale wanaoitumia wanapokuwa ndio watunzaji wa kumbukumbu zake na ndio waamuzi wa kanuni zake, na pasiwepo mtu wala kampuni yenye uwezo wa kuizima au kuigeuza bila ridhaa yao. Programu nyingi za leo, kuanzia za kutuma pesa hadi za kupashana habari, hazina sifa hiyo. Kumbukumbu ziko kwenye seva za kampuni, masharti huandikwa na kampuni, na mtumiaji asiyeyakubali hana la kufanya ila kuondoka. Teknolojia ya blokicheni ilikuja na ahadi ya kuuvunja utegemezi huo. Lakini swali inalolibeba ni la zamani kuliko kompyuta: je, jamii huundwa na kanuni zilizoandikwa vizuri, au kanuni ndizo huzaliwa na jamii ambayo tayari ipo?

Swali hilo linaonekana vizuri zaidi likiulizwa mahali ambapo watu wana mali za pamoja za kweli. Kata ya Mabawe iko wilayani Ngara, mkoani Kagera, katika pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Ni wilaya ya migomba, maharage na kahawa, ambako ardhi ya kijiji, chama cha msingi cha ushirika na kikundi cha kuweka na kukopa ni mambo ya kila wiki. Watu wa maeneo kama haya wamekwisha kujibu kwa vitendo, kwa mafanikio na kwa maumivu, mengi ya maswali ambayo wahandisi wa mtandao wanayakuta sasa.

Blokicheni ni daftari la miamala ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi zisizo chini ya bwana mmoja. Miamala hukusanywa katika mafungu, na kila fungu hubeba alama ya kihisabati iliyokokotolewa kutokana na fungu lililotangulia. Mtu akibadili tarakimu moja ya mwaka jana, alama zote zilizofuata hazilingani tena, na wenye nakala nyingine huona mara moja. Wazo hili lilielezwa mwaka 2008 na mtu au kundi lililojiita Satoshi Nakamoto, na fungu la kwanza la Bitcoin likatengenezwa tarehe 3 Januari 2009. Ethereum, iliyoanza mwaka 2015, iliongeza wazo kwamba programu nzima inaweza kuwekwa ndani ya daftari na kujitekeleza yenyewe masharti yakitimia. Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo la programu inayoendeshwa na watumiaji peke yao.

Ugumu mkubwa haumo katika hisabati, umo katika kujua nani ni nani. Mtandao ulio wazi kwa wote hauwezi kutofautisha watu elfu moja na mtu mmoja aliyefungua akaunti elfu moja. Kila akaunti ikipewa kura moja, mjanja mmoja atapiga kura zote. Ili kulikwepa hilo, Bitcoin humpa nafasi ya kuandika daftari anayetumia nguvu nyingi za kompyuta, yaani mashine na umeme. Ethereum, tangu Septemba 2022, humpa nafasi hiyo aliyeweka sarafu zake rehani, na kadiri alivyoweka nyingi ndivyo nafasi yake inavyokua. Njia zote mbili hupima kitu kigumu kughushi, na katika zote mbili kitu hicho ni mali. Blokicheni huhesabu mali kwa sababu haioni nyuso za watu.

Mkutano mkuu wa kijiji unaziona nyuso hizo. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini wa ardhi kwa niaba ya wakazi, isiyoweza kuigawa bila idhini ya mkutano huo. Mjane mwenye kipande cha migomba na mfugaji mwenye ng'ombe mia moja wana mkono mmoja mmoja wa kunyoosha. Usawa huo unawezekana kwa kuwa majirani wanajuana. Mgeni akinyoosha mkono, mwenyekiti wa kitongoji atataka kujua anaishi kwa nani.

Kujuana huko kuna upande wake mchungu, na Ngara inaujua kuliko wilaya nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1994 karibu watu 250,000 walivuka kutoka Rwanda kupitia Rusumo ndani ya takriban siku moja, na kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kabla ya wenyeji kupata nafasi ya kushauriana. Wahangaza, wenyeji wa Ngara, wanasikilizana kwa lugha na Warundi na Wanyarwanda, na undugu haukuanza wala kuishia kwenye mpaka uliochorwa na wakoloni. Mahali kama hapa swali la nani ni wa hapa linaweza kumkumbatia mtu au kumfukuza. Daftari lisilouliza uraia, kabila wala kitambulisho lina hoja ya kimaadili ambayo haifai kubezwa, kwa kuwa humwandikia mkimbizi salio lake kwa uaminifu uleule linaomwandikia mzaliwa. Jumuiya inayowatambua watu wake kwa sura italazimika kuamua waziwazi inamfanyia nini mgeni. Hilo ni jukumu la watu, na hakuna mashine inayoweza kulibeba kwa niaba yao.

Kinachotokea mali inapopewa kura badala ya watu kilionekana mwaka 2020 katika mtandao wa Steem. Huu ulikuwa mtandao wa waandishi na wasomaji ulioanza mwaka 2016 juu ya blokicheni yake wenyewe, ambapo makala zilizopendwa zililipwa kwa tokeni, yaani sarafu za kidijitali za mtandao huo. Kanuni zake zilisimamiwa na mashahidi 20 wakuu waliochaguliwa kwa kura zilizopimwa kwa wingi wa tokeni. Kampuni iliyoanzisha mtandao ilikuwa na fungu kubwa la tokeni tangu mwanzo, na wanachama walielewa kwamba fungu hilo lilikuwa la kuendeleza kazi na halikuwa la kupigia kura. Februari 2020 kampuni ikanunuliwa na mfanyabiashara Justin Sun. Mashahidi waliokuwapo wakalifungia fungu lile lisitumike. Siku chache baadaye, mapema Machi, masoko makubwa ya sarafu za kidijitali, yakiwemo Binance na Huobi, yalipiga kura kwa tokeni ambazo wateja wao walikuwa wameziweka humo, na mashahidi wa zamani wakaondolewa. Watu waliokuwa wameweka akiba yao kwa muda wakakuta akiba hiyo imepiga kura dhidi yao.

Kanuni zilifuatwa zote. Hakuna aliyevunja kufuli wala kughushi sahihi. Mwenye tokeni nyingi alishinda kwa njia iliyoandikwa. Mtu anayesema kwamba uhalali ni kufuata kanuni hana la kulalamikia katika mkasa huu, lakini wanachama wengi walihisi wamedhulumiwa. Hisia hiyo ni ushahidi kwamba walikuwa na jamii kabla ya kanuni, na kwamba ahadi iliyokuwa mioyoni mwao ilikuwa na nguvu kuliko iliyoandikwa kwenye programu. Tarehe 20 Machi 2020 walilinakili daftari lote, wakabadili jina kuwa Hive, na kuanza upya. Salio za watu zilihamishwa kama zilivyokuwa, isipokuwa fungu la kampuni na akaunti kadhaa zilizouunga mkono upande wake. Je, jamii ina haki ya kumnyima mwanachama mali yake kwa sababu alichagua upande mwingine? Waliohama walisema ndiyo, na walionyimwa wakasema huo ni unyang'anyi. Daftari lenyewe halikuwa na jibu, na mgogoro huo wa haki ulibaki kuwa wa binadamu kwa binadamu.

Hata hivyo, uwezo wa kuhama na daftari lote ni kitu ambacho jumuiya za zamani hazikuwa nacho, na Kagera inaweza kuupima kwa historia yake. Ushirika wa kahawa ulikuwa na mizizi Tanganyika tangu chama kikuu cha Kilimanjaro kilipoandikishwa mwaka 1933, na Bukoba, huko Kagera, ikapata chama chake kikuu mwaka 1950. Vyama hivi vilisomesha watoto, vikajenga maghala, vikawapa wakulima sauti mbele ya wanunuzi. Mei 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote nchini, na biashara ya mazao ikapelekwa kwenye mamlaka za mazao. Wakulima hawakuulizwa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na chama kikuu cha Kagera, KCU, hadi leo kina mwaka 1990 ndani ya jina lake la kisheria, mwaka wa kuandikishwa upya.

Laiti wanachama wa mwaka 1976 wangekuwa na nakala za hesabu zao zisizofutika, wangeweza kuthibitisha hisa na madai yao hata baada ya ofisi kufungwa. Huo ni msaada wa kweli. Lakini wasingeweza kunakili ghala. Waandishi wa Hive walihama kwa sababu mali yao yote ilikuwa maandishi. Kiwanda cha kahawa cha TANICA kilichopo Bukoba hakiwezi kuwa na nakala mbili, na kisima cha kijiji hakigawanyiki kwa kura. Kwa mali za aina hii, wanaotofautiana hulazimika kubaki mezani. Pengine ndiyo maana vijiji vimekuza subira ya kuzungumza ambayo mitandao bado haina.

Tatizo lingine huanza kabla ya maandishi. Mkulima anapofikisha kahawa kwenye chama cha msingi, wizi unaomuumiza mara nyingi hutokea kwenye mizani, au mapema zaidi katika butura, pale anaponunuliwa kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya dhiki. Kilo 60 zikisomwa 54, blokicheni itaiandika 54 na kuilinda milele. Daftari linaweza kuhakikisha kwamba neno lililoandikwa halitabadilishwa, bila kuhakikisha kwamba lilikuwa la kweli. Ndiyo sababu maandiko ya dini yameliweka suala la mizani mbele ya hesabu zote: Kitabu cha Mithali kinaitaja mizani ya hila kuwa chukizo kwa Mungu, na sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa onyo kali kwa wapunjaji. Ukweli wa mwanzo hutoka kwa mtu anayesoma mizani na kwa wenzake wanaosimama karibu kuiangalia.

Upungufu mwingine wa kanuni zinazojitekeleza ni kutosamehe. Mwaka 2016 mfuko wa pamoja ulioitwa The DAO ulikusanya juu ya Ethereum mali yenye thamani ya takriban dola milioni 150, na waanzilishi wake walitangaza kwamba maandishi ya programu ndiyo sheria ya mwisho. Tarehe 17 Juni mtu mmoja alitumia kasoro ndani ya maandishi hayo akachota etha, sarafu ya Ethereum, milioni 3.6. Kwa sheria waliyojitungia, alikuwa amefanya kinachoruhusiwa. Baada ya majuma ya mabishano, tarehe 20 Julai, wengi wa watunza daftari walikubali kuliingilia daftari ili fedha zirudi. Wachache waliokataa waliendelea na daftari la awali, ambalo lipo hadi leo kwa jina la Ethereum Classic. Kila upande ulikuwa na jambo la kweli. Ahadi inayovunjwa kila inapouma si ahadi. Na kanuni isiyoweza kusikia kilio haifai kutawala watu.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyotumika vijijini Tanzania vina majibu yao kwa mvutano huo, na hayahitaji umeme. Mtindo wa vikundi hivyo, ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika Mashariki, unatumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku hufunguliwa mbele ya mkutano tu. Wahandisi wa blokicheni wana utaratibu wa akaunti isiyofunguka bila sahihi kadhaa, na ni wazo lilelile. Fedha huhesabiwa kwa sauti. Kila mwanachama, hata asiyejua kusoma, hutakiwa kukumbuka salio la mwisho ili alithibitishe mkutano ujao. Hilo ni daftari lililosambazwa katika vichwa vya watu. Pembeni ya mfuko wa mikopo kuna mfuko wa jamii, wa msiba, ugonjwa na majanga. Anayechelewesha marejesho bila sababu hupigwa faini, na aliyefiwa huongezewa muda baada ya wenzake kujadili. Kanuni ni kali, lakini ina mlango, na mlango huo hufunguliwa na watu wanaojua kwamba msiba ulikuwapo kwa sababu walikwenda kuzika.

Hapa falsafa inakutana na dini, na kwa Ngara mkutano huo una jina la mtu. Christopher Mwoleka alikuwa askofu wa Jimbo Katoliki la Rulenge, ambalo leo ni Rulenge-Ngara, kuanzia mwaka 1969 hadi 1996. Wakati viongozi wengi wa dini walipoutazama ujamaa kwa wasiwasi, yeye alihamia katika kijiji cha ujamaa, akaishi na kulima pamoja na wakulima. Katika maandiko yake ya miaka ya 1970 alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa ili wasomi waufumbue kama kitendawili. Ulifunuliwa uwe mfano wa kuigwa, wa nafsi zinazoshirikishana kila kitu bila nafsi yoyote kupotea. Mtu, kwa mtazamo huo, hawi mtu kamili kwa kile anachokizuia kisichukuliwe, ila kwa kile anachokitoa na kukipokea. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na Mwoleka alikuwa miongoni mwa waliozitetea kwa nguvu zaidi. Nyumba chache za jirani, zinazokutana kila wiki na kushirikishana matatizo, ndizo zilizokuwa msingi wa Kanisa kwake.

Blokicheni ilibuniwa kwa dhana inayokwenda upande mwingine. Inachukulia kwamba kila mshiriki anaweza kuwa mwizi, kisha inapanga mambo ili wizi usilipe. Dhana hiyo ni ya busara kati ya watu wasiojuana walioko mabara tofauti, na si dhambi kujilinda. Mafundisho ya dini nyingi yanakiri kwamba binadamu huanguka. Kosa hutokea pale kinga inapodhaniwa kuwa ndiyo jamii yenyewe. Ukuta unaweza kulinda nyumba, lakini waliolala ndani hawakuwa ndugu kwa sababu ya ukuta. Ipo pia hatari ya upande wa pili: ujamaa ulioanza kwa mwito wa hiari baada ya Azimio la Arusha la 1967 uligeuka amri ya kuhamia vijijini kati ya 1973 na 1976, na ushirika wa kulazimishwa ukawaacha watu wengi wakiwa wapweke katikati ya majirani wapya. Fundisho la Kanisa Katoliki lililotamkwa na Papa Pius XI mwaka 1931, kwamba ngazi ya juu isichukue kazi ambayo ngazi ya chini inaiweza, linahukumu serikali iliyofuta vyama mwaka 1976 sawasawa na linavyohukumu kampuni inayoshikilia seva zote.

Jaribio la Afrika Mashariki lililokwenda mbali zaidi katika kuunganisha jumuiya zilizopo na daftari la aina hii liko Kenya. Mei 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, walianza kutumia hati za kubadilishana bidhaa zilizoitwa Bangla-Pesa, chini ya mpango wa Grassroots Economics ulioanzishwa na Will Ruddick. Ruddick na washiriki kadhaa walikamatwa wakituhumiwa kughushi fedha. Baadaye mwaka huohuo mashtaka yakafutwa na hati zikarudi. Kuanzia 2018 mfumo uliingizwa kwenye blokicheni kwa jina la Sarafu, na kati ya Januari 2020 na Juni 2021, kipindi cha korona, takriban watu 40,000 walikuwa wameutumia. Uzuri wake ni kwamba haukuanza na tokeni. Uliegemea vyama vya akiba na desturi ya Wamijikenda ya kulimiana kwa zamu, mweria, ambamo anayelimiwa leo ana deni la jasho kesho. Tokeni ilikuwa njia ya kuliandika deni ambalo tayari lilikuwa na heshima yake.

Jaribio hilo pia lilionyesha mahali ugatuaji wa mamlaka unapoishia. Watumiaji wengi walikuwa na simu za kitochi na waliingia kwa kubonyeza nyota na namba, kama anavyofanya mtu wa kutuma pesa. Kitochi hakiwezi kutunza ufunguo wa siri unaomiliki akaunti, kwa hiyo ufunguo hukaa kwenye seva, na mwenye seva ndiye anayeaminiwa. Mkulima wa Mabawe akitumia njia hiyo atakuwa anamiliki kwa jina. Kimatendo atakuwa mteja wa mtu mwingine, mwema au mbaya. Programu inayotaka kuwa mali ya jamii katika mazingira haya italazimika kuzigawa funguo kwa mtindo unaokaribia ule wa kufuli tatu: ya mwanachama, ya kikundi chake, na ya chama cha msingi, ili wowote wawili waweze kufungua na yeyote peke yake asiweze. Orodha ya wanachama itatoka kwenye mkutano wao, si kwenye wingi wa tokeni, na tokeni ya uanachama isiuzike. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 tayari inadai kura moja kwa kila mwanachama, na programu isiyotii hilo haitakuwa ushirika hata ikijiita hivyo.

Sheria za fedha nazo zinaweka mipaka. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu za mtandaoni si malipo yanayotambuliwa nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko yanayoletwa na sarafu hizo. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kikundi kinachotaka kutunza hesabu tu kwenye blokicheni, bila tokeni ya kuuzwa sokoni, kina njia iliyo wazi zaidi, na ndicho kitu ambacho vikundi vingi vinakihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaongeza tahadhari: daftari lisilofutika lisibebe jina, ugonjwa wala deni la mtu, kwa kuwa aibu iliyoandikwa humo haina wa kuifuta.

Linabaki suala la kifo, ambalo wabunifu wengi hulipita haraka. Katika chama cha msingi na katika kikundi cha akiba, mwanachama anaweza kuandikisha mrithi, na hisa humfuata mtu huyo. Kwenye blokicheni mali humfuata mwenye ufunguo, na marehemu akiwa hakumwambia mtu, mali yake inaonekana na kila mtu bila kuweza kuguswa na yeyote. Ipo njia ya kuwateua watu kadhaa wanaoweza kwa pamoja kuurejesha ufunguo uliopotea, na kwa kikundi cha kijijini watu hao wanafaa kuteuliwa mkutanoni, majina yao yaandikwe katika daftari la karatasi la katibu, na wabadilishwe mmoja wao anapohama. Warithi wakigombana, shauri litakwenda mahakamani, ambako maandishi ya mtandao yanaweza kupokelewa kama ushahidi mmojawapo pamoja na maneno ya waliomfahamu marehemu.